Hesabuni jerikani, msihesabu visima

Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji na Mazingira wa Uganda, kwa wabunge wa West Nile, na kwa ofisi za maji za wilaya zetu

Waheshimiwa,

Salamu nyingi kutoka Arua. Mimi ni fundi wa pampu za mikono. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na sita, zamani kwa baiskeli, siku hizi kwa pikipiki, kuanzia pembezoni mwa jiji mpaka Terego na Madi-Okollo, enzi zote hizo zikiitwa Arua tu. Mikono yangu imevuta mabomba mengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mgongo unayakumbuka yote.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi, kwa hiyo sitegemei kuambiwa nitafute mkalimani. Pili, ndiyo lugha tunayogombania foleni. Mlugbara, Mkakwa, Mkongomani aliyevukia mpaka wa Vurra na Msudani Kusini wakitaka kuambiana nani alitangulia kuweka jerikani, kinachotoka ni Kiswahili. Kimechanganyika na Kiarabu cha Juba, ndiyo, lakini matusi kila mtu anayaelewa.

Ninachotaka kuongea nanyi ni hesabu. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye mkutano wa gombolola, ngazi iliyo chini ya wilaya, pamoja na mafundi wenzangu. Afisa mmoja kijana, mwenye adabu zake, akatuonyesha jedwali ukutani. Alipofika kwenye kijiji kimoja ninachokijua, akasema wakazi wake wote wamefikiwa na maji salama. Nikanyoosha mkono nikauliza wamefikiwa na maji gani, maana kisima cha kijiji hicho nilikuwa nimekifungua mwenyewe wiki iliyotangulia nikakiacha kimelala, mabomba yake yamepangwa chini ya mwembe. Akaiangalia karatasi yake. Karatasi ilisema kinafanya kazi. Tukaendelea na kijiji kinachofuata.

Tangu siku ile nimejifunza mnavyohesabu. Kisima kirefu chenye pampu ya mkono kinahesabiwa watu 300. Chemchemi iliyojengewa, watu 200. Bomba la umma, watu 150. Kijijini mtu akiwa na chanzo ndani ya kilomita moja amefikiwa, mjini ndani ya mita 200. Mnazidisha idadi ya visima kwa 300, mnagawanya kwa idadi ya watu, mnapata asilimia, na asilimia hiyo inapelekwa Kampala ikiwa imevaa tai.

Sasa hebu tupige hesabu ya fundi. Pampu yetu ya mkono, ile tunayoiita U2, ikiwa nzima kabisa, na anayesukuma ana nguvu zake, inatoa kama lita 12 kwa dakika. Jerikani ya lita 20 inajaa kwa dakika moja na nusu na kitu. Ongeza muda wa kuiondoa, kuweka nyingine, na kumwambia mtoto wa jirani asioshe miguu pale, tuseme dakika mbili. Watu 300, kila mmoja jerikani moja kwa siku, ni dakika 600. Hizo ni saa kumi za kusukuma bila mtu kupumzika, bila ng'ombe, bila mtu anayefyatua matofali, bila msiba. Na hapo ni pampu nzima. Mpira wa ndani ukilika, kinachotoka kinapungua hata nusu, na saa kumi zinakuwa ishirini. Kisima cha kijiji jirani kikilala, watu 600 wanakuja kwenye pampu moja. Wanaanza kupanga jerikani saa tisa usiku, na wanaotumwa saa tisa usiku si wanaume.

Hiyo kilomita moja nayo ina hesabu yake. Nyumba ya watu sita, kila mmoja lita 20, ni jerikani sita. Mama akibeba moja kichwani kila safari, ni kilomita kumi na mbili kwa siku kwenda na kurudi, na sita kati ya hizo ana kilo 20 juu ya shingo. Kwenye karatasi yenu mama huyu amefikiwa. Kwa hakika yeye ndiye anayekifikia kisima, tena mara sita. Basi anafanya ambalo hata nyinyi mngelifanya: anachota mbili za kunywa na kupikia, na za kufulia na kuogea anachukua mtoni, anakonywea ng'ombe. Kunawa mikono kunakuwa jambo la siku ya wageni.

Kipo kipimo kikali zaidi, cha WHO na UNICEF, kinachodai maji yawe nyumbani, yapatikane yanapohitajika, na yawe hayana kinyesi wala kemikali hatari. Kwa kipimo hicho, mwaka 2022 wananchi wa Uganda waliofikiwa hawakufika mmoja kati ya watano. Sisemi mtupime kwa hicho kesho asubuhi. Nasema tu kwamba kati ya asilimia mnayoisoma bungeni na ile ya WHO kuna shimo, na humo ndimo tunamoishi.

Fomu ya mkaguzi ina swali la ndiyo au hapana: kisima kinafanya kazi? Mkaguzi anafika saa tano mchana, akina mama wameshasukuma tangu alfajiri, maji yanatoka, anaandika ndiyo. Angefika saa kumi na moja alfajiri angeyakuta mambo mengine. Vali ya chini ikichoka, maji yaliyo ndani ya bomba hushuka usiku kucha, na wa kwanza kufika lazima ayaite. Kuna kisima nilichokihesabu mwenyewe: msichana wa miaka kama kumi na miwili alisukuma mara 94 kabla ya tone la kwanza. Alikuwa akirukia mkono wa pampu kwa tumbo, kwa sababu mikono yake peke yake haikutosha. Ndiyo, kinafanya kazi.

Hapa nina jambo la kukiri, na nalisema hadharani kwa sababu hatia nusu ni yangu. Mwaka 2016 Wizara yenyewe ilisimamisha matumizi ya mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki katika visima vya pampu. Uamuzi ulikuwa wa haki kabisa. Maji ya chini ya ardhi katika sehemu nyingi za nchi hii yana asidi. Yanakula zinki kwanza, kisha yanaanza na chuma. Maji yanakuwa mekundu, yananuka kama msumari mkuukuu, chai inageuka nyeusi, maharage yanabadilika rangi sufuriani, shati jeupe la shule linarudi na rangi ya udongo. Watu hawahitaji maabara. Wanayaonja, wanayaacha, wanarudi mtoni. Na huko mtoni ndiko kuna kipindupindu na taifodi, ambavyo havina rangi wala ladha.

Mwaka uliofuata katazo hilo niliitwa kufunga pampu mpya kwenye kijiji kimoja. Mkandarasi alileta mabomba kwenye lori, yanang'aa. Niliyajua tangu lilipoteremshwa la kwanza. Nikamwambia, mzee, haya si yanayotakiwa. Akaniambia karatasi inasema chuma, na hiki ni chuma, kama sitaki kazi kuna wenzangu wanaoitaka. Nilikuwa na karo ya watoto watatu. Nikayafunga. Siku ya kuzindua palichinjwa mbuzi, hotuba zikasomwa, bamba la jiwe likafunuliwa. Haikutimia miaka miwili maji yakawa mekundu. Niliporudi kuyatoa, bomba la nne lilikatika mkononi mwangu kama muwa, na kilichokuwa chini kikatumbukia. Kisima kile kimekwisha. Bamba la jiwe bado lipo, na kwenye orodha yenu, kwa kadiri ninavyojua, bado kinanywesha watu 300.

Kuna watu husema ni ardhi ndiyo yenye chuma, Mungu ndivyo alivyoiumba. Mara nyingine ni kweli. Lakini kuna namna ya kujua ambayo haigharimu kitu: angalieni maji ya kwanza ya asubuhi, yaliyolala ndani ya bomba, kisha sukumeni mpaka mchana. Yakianza mekundu yakaishia meupe, kosa si la Mungu, ni la aliyenunua bomba. Na kabla ya kufika huko, kuna sumaku. Mimi natembea na sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Chuma cha pua kilicho halisi, kile kisichoshika kutu, hakiishiki, au kinaishika kwa shida. Haimalizi ubishi wote, wajanja ni wengi, lakini ingewekwa mfukoni mwa kila anayepokea mabomba kwa niaba yenu, malori mengi yangegeuzia getini.

Tuje kwenye pesa. Sera ya Taifa ya Maji ya 1999 inasema kisima cha kijijini ni cha wananchi, wao ndio wakitunze kupitia kamati yao ya maji. Kwa maneno ni jambo zuri, hata mimi nililihubiri. Kamati inachagua mwenyekiti, mweka hazina na mlinzi, kila nyumba inatoa shilingi elfu moja kwa mwezi, zikiharibika beringi fundi anaitwa. Na beringi, mnyororo, mpira wa ndani, haya kijiji kinayaweza. Nimefanya kazi na mama mmoja mweka hazina ambaye daftari lake ningelipeleka benki yoyote bila aibu. Aliandika hata mia mbili ya soda aliyoninunulia. Lakini mabomba yakioza yote kwa mkupuo, mita 30 au 40 za chuma cha pua pamoja na fito zake, hizo ni pesa ambazo kijiji hakijawahi kuziona zikiwa mahali pamoja. Hapo wanaambiwa: kisima ni chenu.

Waheshimiwa, sijapata kusikia mkazi wa Kololo, mtaa wa matajiri wa Kampala, akiitwa mkutanoni chini ya mti achangie mpira wa pampu ya Ggaba. Wala hakuna aliyeambiwa kwamba mtambo wa Katosi, unaoweza kusafisha lita milioni 160 kwa siku, ni wake na fundi wake amtafute mwenyewe. Kampala ilihitaji maji, serikali ikakopa, mtambo ukajengwa, Shirika la Taifa la Maji na Majitaka likawekwa kuuendesha. Siwaonei wivu watu wa Kampala, nina ndugu huko na najua kwamba Bwaise na Namuwongo nako mabomba hupita njiani bila kuingia nyumbani. Nauliza tu kwa nini aliye maskini zaidi ndiye aliyepewa umiliki.

Mjini mambo ni yale yale yamevaa nguo nyingine. Kwenye vituo vya umma vya Shirika bei iliyotangazwa ni shilingi 25 kwa jerikani. Bei nzuri sana, ningependa kukutana nayo. Katika mtaa wangu jerikani inauzwa shilingi 200 mvua zikiwepo. Kiangazi, mto Enyau unaotunywesha ukipungua na mabomba yakianza kupumua hewa, waendesha baiskeli wanatuletea kwa 500, na nimeinunua kwa 1,000 siku ya kuosha maiti. Lita elfu moja ni jerikani hamsini. Kwa 500, hizo ni shilingi 25,000. Mwenye mita yake nyumbani, mwenye bustani na gari la kuosha, halipi hata robo ya hiyo kwa lita elfu moja zile zile. Familia ya watu watano kwenye chumba kimoja, ikijibana kwa jerikani nne kwa siku, inamaliza 60,000 kwa mwezi wa kiangazi. Na hayo bado hayajachemshwa, makaa hayajahesabiwa.

Msiwalaumu waendesha baiskeli. Wanabeba jerikani sita kupanda mlima, na wao pia wananunua. Ukitaka kujua bei ilipandia wapi, fuata bomba, tazama ni wapi lilipoishia na nani alimudu kulipia kuliunganisha.

Nimechelewa kufika kwenye choo, na najua kwa nini. Hata kwenye mikutano yenu choo huwa cha mwisho, saa ile watu wanapoulizia nauli. Lakini mimi fundi wa maji nawaambia kwamba nusu ya kazi yangu inaharibiwa na mashimo ya choo ambayo si ya mtu yeyote.

Kanuni tunayofundishwa ni kwamba choo kikae angalau mita 30 kutoka kisimani. Vema. Kiwanja cha kawaida mjini ni futi 50 kwa 100, yaani mita 15 kwa 30. Chukua futi yako: ili mtu achimbe kisima na choo kwenye kiwanja chake kwa kufuata kanuni, lazima kimoja kiwe kwenye ukuta wa mbele na kingine kwenye ukuta wa nyuma, na jirani asiwe na choo kabisa. Jirani anacho. Wote wanavyo. Tumeruhusu viwanja vipimwe, viuzwe, vijengwe, bila mfereji wa majitaka, kisha tunashangaa kwamba maji ya visima vifupi vya mjini yana kinyesi.

Na hivyo viwanja vinajengwa nini? Vyumba vya kupangisha, mlango mmoja mmoja, vile tunavyoviita mizigo. Waliovipa jina hilo kwa Kiganda hawakuwa na maana ya mzigo wa Kiswahili, lakini limeangukia mahali pake. Vyumba kumi, choo kimoja, kufuli moja, ufunguo kwa mama wa chumba cha kwanza. Usiku hakuna anayegonga mlango wa mtu kuomba ufunguo, hasa mwanamke. Mtoto anatumia kavera, mfuko wa plastiki, na kavera inarushwa. Shimo likijaa, gari la kunyonya haliingii kwenye vichochoro, au linaingia lakini bei yake inazidi mapato ya mwezi ya wapangaji watatu. Mwenye nyumba anasubiri mvua kubwa. Ile usiku ya radi, mtu mmoja anatoboa ukuta wa chini wa shimo kwa nondo, na asubuhi mtaa mzima unajua, na hakuna aliyeona.

Kampala wanakumbuka 2015. Taifodi iliingia mjini, watu zaidi ya 10,000 wakashukiwa kuwa nayo katika nusu ya kwanza ya mwaka, na uchunguzi ukaelekea kwenye maji ya kunywa na juisi zilizouzwa katikati ya jiji. Maofisa walikuwa wanakunywa juisi ile ile na makuli wa gereji. Hoima mwanzoni mwa 2018, wakimbizi walipovuka Ziwa Albert kutoka Kongo kwa wingi, kipindupindu kiliwapata watu zaidi ya 2,000. Magonjwa haya hayana heshima ya mipaka ya kata, ila yanaanza pale pale siku zote: palipo na watu wengi, choo kimoja, na maji ya mbali.

Shuleni nako kiwango cha Wizara ya Elimu ni tundu moja la choo kwa wanafunzi 40. Nimetengeneza pampu kwenye shule ambazo wasichana wa darasa la saba wanasindikizana wawili wawili, mmoja ameingia, mwingine ameshika mlango kwa nje kwa sababu komeo halipo. Wakiwa kwenye siku zao wanabaki nyumbani. Mwalimu mkuu mmoja aliniuliza kama ninaweza kutengeneza komeo maadamu nina zana. Nilitengeneza manne kwa vipande vya fito za pampu. Hayamo kwenye asilimia yoyote.

Neno juu ya wakimbizi, kwa sababu huku kwetu haliepukiki na mara nyingi linasemwa vibaya. Barabara ya kwenda makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp na Imvepi ina maeneo ambayo upande mmoja, wa wakimbizi, kuna tangi juu ya mnara, paneli za sola na bomba la umma linalotiririka, na upande wa pili kuna U2 iliyolala. Mwenyeji anaangalia ng'ambo, anakasirika, nami namwelewa. Ipo kanuni kwamba asilimia 30 ya misaada iende kwa wenyeji, na palipofuatwa nimeona kweli bomba likivushwa barabara. Lakini mwenyeji huyo huyo alichota upande wa wakimbizi kwa miaka bila kuulizwa kitambulisho. Mpaka leo, mimi niliyelala kwenye foleni nyingi, sijaona mkimbizi akimnyima Mlugbara maji. Sasa misaada inapungua. Nimeanza kuitwa kwenye mitambo ya sola ambayo mashirika yaliyoijenga yameondoka, pampu ya umeme imeungua, na hakuna anayejua vipuri vinaagizwa wapi. Mkiiacha ife, upande wa wenyeji hautapata hata tone la ziada. Watarudi wote kwenye U2 moja, na hapo ndipo yale matusi ya Kiswahili yatageuka fimbo.

Ninachoomba si mapinduzi. Katiba ya 1995, katika malengo yake ya kitaifa, imeyaweka maji safi na salama mstari mmoja na elimu na huduma za afya, kwa kila raia. Haikusema kwa mwenye uwezo wa kuchangia mabomba.

Acheni kuhesabu visima, hesabuni jerikani. Mlinzi wa kila pampu apewe daftari na kalamu, aandike mambo manne tu: asubuhi imesukumwa mara ngapi kabla ya maji, jerikani imejaa kwa dakika ngapi, siku ngapi za mwezi pampu imelala, na jerikani imeuzwa kwa bei gani. Haihitaji digrii. Mama mweka hazina niliyemtaja angelifanya kwa Kilugbara, Kiswahili au vijiti. Ukurasa ubandikwe kwa mwenyekiti wa kijiji, LC I, na nakala ije gombololani kila mwezi. Nawaahidi asilimia zenu zitaanguka vibaya mwaka wa kwanza, na mbunge atakayesimama kuzisoma zikiwa zimeanguka, huyo nitampigia kura hata kama simpendi.

Kijiji kibaki na beringi, mnyororo na mipira. Mabomba na silinda yawe mzigo wa wilaya, kwenye bajeti, kwa jina lake, kabla ya kuchimba kisima kipya hata kimoja kilomita mbili kutoka kwa kilicholala. Najua kisima kipya kina bamba la jiwe na mbuzi, na kukarabati hakuna picha. Basi tuchinje mbuzi siku ya kukarabati, nitatoa wangu.

Mjini, bei ya shilingi 25 ifike kwenye mitaa isiyo na mita, na asiyeweza kulipia kuunganishwa kwa mkupuo alipe kidogo kidogo kwenye bili. Na choo: hakuna kibali cha vyumba kumi bila vyoo vinavyotosha na njia ya gari au mkokoteni wa kunyonya kufika shimoni. Kunyonya kuwe na bei ambayo mvua haitaishinda.

Kipo kisima kimoja, nje kidogo ya jiji, kimelala tangu kabla ya Ramadhani. Nimekipima kwa kamba: maji yapo, mita 20 chini, mengi. Silinda ni nzima. Mnyororo nimeutia grisi mwenyewe, mpira mpya ninao kwenye mfuko wa koti. Kinachokosekana ni mabomba kumi na matatu ya chuma cha pua, ya mita tatu tatu, na fito zake. Barua ya kuyaomba ipo ofisini, ina mihuri miwili. Yakiletwa asubuhi, saa tisa alasiri maji yanatoka. Nitahitaji vijana wanne wa kuvuta kamba, nao wapo: kila jioni wanacheza mpira pale pale, na kichwa cha pampu ndiyo nguzo moja ya goli.

Wenu,
Fundi wa pampu, Arua